Toleo la Mwisho la Sumaku

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995, toleo la mwisho la kitabu cha katuni kiitwacho Sumaku liliingia Mwanza kwa treni kutoka Dar es Salaam. Kabla jua halijapata nguvu, Paskazia alikuwa amekwisha kusimama mbele ya meza ya Muharami, muuza mitumba na vitabu, katika soko la Nyakato, kanga imekazwa kiunoni kama mtu aliyekuja kugombana.

"Shikamoo, Mama Evelina," alisema Muharami, huku akikata kamba ya furushi.

"Marahaba. Limekuja?"

"Limekuja. Lakini, mama, nikwambie ukweli. Nimelisoma pale pale stesheni, nimesimama. Bora lisingekuja. Maana huyu Sumaku..."

Paskazia alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili, mbele za watu. "Nyamaza, Muharami! Mwanangu akijua kwamba nimeambiwa mwisho kabla yake, hatanisamehe."

Wateja walicheka. Muharami naye alicheka kidogo, kisha akamfungia kitabu ndani ya gazeti na kukataa kupokea chochote. Paskazia aliondoka upesi, kitabu kikiwa kifuani. Alichohofia hakikuwa jua wala watu. Alihofia kwamba angefika nyumbani akiwa amechelewa.

Evelina, binti yake, alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa kidato cha pili, msichana mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Kisha maumivu ya kichwa yakaanza. Madaktari walimpima, wakampima tena, na mwishowe wakamweleza Paskazia kwa upole kwamba nyuma ya macho ya binti yake kulikuwa na uvimbe, na kwamba uvimbe huo ulikuwa umekaa mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kumwua. Wakampa dawa za kutuliza na kumruhusu aende nyumbani. Kufikia Julai, macho yalikuwa yamezimika. Mtu alipomwuliza anataka nini, Evelina hakutaja soda wala matunda. Alisema, "Nataka kujua Sumaku ataishia wapi. Nikilijua hilo, mengine nitayavumilia."

Inafaa nimwelezee Sumaku kwa wale wasiomfahamu. Mchana alikuwa kijana wa kuokota vyuma chakavu na kuvisukuma kwenye mkokoteni. Siku moja radi ilimpiga akiwa amekumbatia injini ya gari bovu, na tangu hapo mwili wake ukawa unavuta chuma. Panga la jambazi lilimtoka mkononi na kumfuata Sumaku. Pingu zilifunguka. Lakini uwezo wake ulikuwa na kasoro moja: alijua kuvuta tu, hakujua kusukuma. Kila alipomwokoa mtu mbele ya bunduki, risasi zilizokuwa za mtu yule zilimgeukia yeye, na ilimbidi awe mwepesi wa kukwepa. Tena alikuwa na mama, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye kila toleo alimgombeza: "Rudisha kijiko changu! Na hiyo sufuria uliyobandika mgongoni, wateja watakula nini?"

Mama huyo ndiye aliyemfanya Evelina ampende Sumaku kuliko wote. Wakati ule biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na marobota ya mitumba yalikuja na mambo mengi ndani yake. Mara nyingine, katikati ya makoti ya baridi, Muharami alikuta vitabu vya katuni vya nje, vya rangi, vinang'aa kama sahani mpya. Vijana walivigombania. Evelina alivisoma vyote kwa Kiingereza chake cha shule, na hukumu yake ilikuwa kali.

"Shujaa wao nguo ya ndani kaivaa juu ya suruali," alisema, "na hakuna hata jirani mmoja wa kumwambia. Kwa nini? Kwa sababu hana jirani. Nyumba yake ni kubwa kuliko shule yetu, na anakaa peke yake. Na mama yake amekufa. Hebu niambieni, mashujaa wa siku hizi kwa nini wote mama zao wamekufa? Waandishi wanadhani mtu mwenye mama hawezi kuokoa watu?"

"Lakini anaruka, mwalimu," Chenge alimjibu. Huyu Chenge alikuwa fundi baiskeli wa pale sokoni, mtu mzima mwenye wajukuu, na hakuna aliyependa katuni kumshinda. Evelina alikuwa akimwamkia shikamoo, naye alikuwa akimwita Evelina mwalimu.

"Anaruka, babu, lakini anaruka kwenda wapi? Toleo zima anapigana, linalofuata anapigana tena, hakuna anayekula, hakuna anayefua. Hayo ni mashindano ya ngumi, siyo hadithi."

Watu walikuja kumwuliza wasome nini, na aliwajibu bila kufikiri mara mbili. Ngao Saba isomwe toleo la kwanza mpaka la tano; ukifika la sita uache, kwa kuwa mchoraji amebadilishwa na hata pua za watu zimehama. Malkia wa Kimondo linafaa kwa mwenye huzuni, ila asilisome mwenye njaa, maana wanakula sana. Sumaku lisomwe lote, kwa mpangilio, na asiruke mtu yeyote kurasa za mama. Baba yake, Shigela, aliyekuwa ameachishwa kazi ya kufuma kiwandani na sasa akibeba makasha ya samaki, aliviita vitabu vile takataka. Lakini macho ya binti yalipozimika, ni yeye aliyetengeneza sanduku la mbao la kuvitunzia, akalipiga msasa mpaka likawa laini.

Basi ikawa kazi ya Paskazia kusoma.

Hakuwa msomaji wa tangu utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mama, katika darasa la kisomo, chini ya mwalimu mvumilivu aliyeitwa Wilhelmina, na kitu alichokuwa akikisoma kwa miaka mingi kilikuwa gazeti la wanakisomo. Gazeti lile lilikuwa na safu nyembamba. Mwalimu Wilhelmina alikuwa akiwaambia, huku kidole chake kikitembea ubaoni: "Mnashuka na safu hadi chini kabisa. Mkifika chini, ndipo mnapanda juu kushika safu ya pili. Anayevuka katikati amepotea." Paskazia alilishika agizo hilo kama anavyoishika sala. Mara moja tu aliwahi kuvuka katikati, na darasa lilimcheka kwa jinsi mbolea ya pamba ilivyochanganyika na chanjo ya watoto. Alikaa nyumbani juma zima kwa aibu kabla ya kurudi.

Kwa hiyo alipofungua kitabu cha katuni na kukuta visanduku vya picha vimepangwa viwili viwili, kutoka juu hadi chini, aliona safu mbili. Alishuka na ya kushoto mpaka mwisho, kisha akapanda na kushika ya kulia.

Siku ya kwanza Evelina alisikiliza huku amekunja uso. "Mama, huyu mwizi amejibu kabla hajaulizwa."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwanangu."

"Na mama wa Sumaku ameshukuru kabla hajapewa."

"Labda anamjua mwanawe kwamba atampa. Mimi nasoma kilichopo. Au nisomavyo si sawa?"

Evelina alikunjua uso. Kisha akatabasamu kuelekea upande ambao sauti ilitokea. "Unasoma vizuri. Ila siyo 'lisasi', mama. Ni 'risasi'."

"Lisasi."

"Ri. Kama unavyoita ng'ombe aliyekuudhi: rrri!"

Wakacheka wote wawili. Tangu siku ile Evelina alimsahihisha kila r na kila l, bila kumwonea huruma hata chembe, naye Paskazia alifurahi kusahihishwa, kwa kuwa aliona kwamba binti yake bado ni yule yule.

Sasa Jumamosi ile alifika nyumbani akitweta. Evelina alikuwa amelala mkekani, kichwa kimefungwa kitambaa cha maji. Gari la kampeni za uchaguzi lilikuwa likipita barabarani na kipaza sauti, likiahidi barabara na maji na maisha mapya, na ilibidi wangoje lipite.

"Wamemaliza kuahidi?" Evelina aliuliza.

"Wamekwenda."

"Haya. Soma pole pole. Usiniruke hata neno. Najua kwamba watamwua."

"Umeambiwa na nani?"

"Hakuna aliyeniambia. Karatasi imepanda bei, na watu wamehamia kwenye vibanda vya video. Hadithi haijaisha, mama, ila kampuni imeishiwa. Wakiishiwa huwa wanamwua shujaa ili msiwaulize."

Paskazia alisoma. Majambazi walivamia soko. Mama wa Sumaku alikuwa nyuma ya karai lake la mihogo, na mdomo wa bunduki ulimwelekea yeye. Sumaku alipofika, mikono yake ilikuwa mitupu. Angeweza kukwepa, kama siku zote. Lakini nyuma yake palikuwa na mama yake, na risasi ambayo yeye angeikwepa ingempata mama. Paskazia alisoma hayo kwa sauti iliyokuwa ikipungua, na alipofungua ukurasa wa mwisho alitamani macho yake nayo yazimike.

"Picha ya kwanza," alisema. "Amefungua mikono. Risasi zote zinamwendea. Ya chini yake: amelala chali, macho yamefumba, watu wanalia. Ya chini kabisa: wamemlaza kwenye mkokoteni wake mwenyewe, wamemfunika kanga ya mama yake."

Mkono wa Evelina ulitafuta pindo la mkeka ukalishika.

Paskazia akapanda juu, akashika safu ya pili, na sauti yake ikabadilika. "Evelina! Ngoja. Hapa yuko kwenye goti. Goti moja liko chini, na mkono umeshika ardhi. Anainuka! Picha inayofuata: amefungua macho, mama yake amempakata, naye anamwambia, 'Usilie, mama. Haziumi tena.' Na ya mwisho, mwanangu, ya mwisho ni kubwa. Amesimama juu ya jiwe, mji mzima uko chini yake, na pameandikwa: 'Mji huu hautamsahau.'"

Paskazia aliinua macho. Machozi yalikuwa yakimtoka Evelina na kuingia masikioni, na yeye hakuyafuta.

"Mama, baada ya mkokoteni ndipo inakuja ile ya goti?"

"Ndipo inakuja."

"Unaona kabisa kwamba anainuka?"

"Goti moja, mkono ardhini. Mtu akiinuka ndivyo afanyavyo."

"Kweli," alisema Evelina. "Mtu akiinuka ndivyo afanyavyo. Soma tena."

Alimsomea tena. Alimsomea kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka akawa hahitaji kutazama. Juma la pili Chenge alikuja kumwona mgonjwa, akaketi naye ndani kwa muda huku Paskazia akikoroga uji uani. Alisikia sauti ya binti yake, ndogo lakini yenye amri ile ile ya zamani, ikimpangia mzee cha kusoma. Chenge alipotoka alikuwa akipenga kamasi kwa leso chafu ya grisi, na aliaga bila kunywa uji.

Evelina alifariki mwanzoni mwa Novemba, alasiri, mvua ya kwanza ya vuli ikigonga bati, mama yake akiwa kwenye ile picha ya mkokoteni. Hakuwahi kufika kwenye ya goti. Kwa siku nyingi baadaye hilo ndilo lililomtafuna Paskazia: kwamba binti yake aliondoka kabla Sumaku hajainuka. Wakati wa matanga, huko Kiseke kwa shemeji zake, wanawake walimwambia alie, atapata nafuu, lakini yeye alikuwa akihesabu kichwani maneno aliyokuwa bado hajayasoma. Yalikuwa machache mno. Angeharakisha kidogo tu.

Baada ya Krismasi, Shigela alilibeba lile sanduku mpaka kwenye kona ya nyumba, akasema, "Mama Evelina, ama tulifungue au tulitoe. Siwezi kulipita kila siku." Ndipo Paskazia alipoamua kuvipeleka vitabu kwa Muharami, ili wanaopenda wavisome.

Alifika sokoni na sanduku kichwani. Mbele ya meza ya Muharami alisimama mwanamke kijana asiyemfahamu, aliyevaa ushungi wa kijani, naye Chenge alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kuegemea, akimshauri. Wote wawili walimpa Paskazia mgongo.

"Dada yangu Yasmin," Chenge alikuwa akisema, "ukitaka kuanza, achana na hawa wanaong'aa. Anza na Sumaku, la kwanza hadi la mwisho. Usiruke kurasa za mama. Ukifika la mwisho, ukurasa wa mwisho, hapo usisome kama watu. Soma kama Mama Evelina."

"Anasomaje huyo?"

"Unashuka kwanza upande wa kushoto mpaka chini. Halafu ndiyo unapanda upande wa kulia. Ukisoma hivyo, haf..."

Muharami alimwona Paskazia. "Chenge," alisema. "Chenge, nyamaza."

Chenge aligeuka, akasimama, na kofia ikamwanguka. Hakuna aliyeiokota.

Paskazia aliteremsha sanduku polepole. "Na nyinyi mnasomaje?"

"Mama Evelina, usijali, ni mzaha wa..."

"Muharami. Nimekuuliza. Nyinyi mnasomaje?"

Muharami hakuwa na la kufanya. Alichukua nakala moja, akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye picha ya juu kushoto, akakivusha kwenda kulia. Kisha akashuka, akavusha tena. Kisha akashuka, akavusha tena. Risasi, halafu goti. Paskazia aliona sasa kwamba goti lile halikuwa likiinuka. Lilikuwa likianguka. Amelala macho yamefumba, halafu ameyafumbua mara moja tu, ili amwambie mama yake asilie. Halafu mkokoteni na kanga. Na yule aliyesimama juu ya jiwe hakuwa yeye. Lilikuwa sanamu, hata mwiko wa simenti ulikuwa umechorwa pembeni, na Paskazia alikuwa ameutazama mara zote zile bila kujiuliza ni wa nini.

Uso ulimwaka moto. Alilisikia darasa zima likimcheka tena, mbolea na chanjo. Kisha wazo jingine likaja, na hilo likauzima ule moto kwa ghafla.

"Amekufa, basi."

"Amekufa, mama," alisema Muharami.

"Na Evelina alijua?"

Chenge alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu. "Alijua unavyosoma tangu siku ile ya kwanza ulipoanza kumsomea. Aliniambia kwamba unashuka kama gazeti, na kwamba watu wako wanajibu kabla ya kuulizwa. Nikamwambia, sasa si umwambie mama yako? Akasema, 'Babu, mama yangu alichekwa mara moja akakaa ndani juma zima. Mimi sina juma la kumpa. Nikishasikia vipande vyote navipanga upya kichwani, siyo kazi kubwa.'" Mzee aliitoa ile leso ya grisi. "Lakini siku ile nilipokuja, aliniambia hivi: 'Hili la mwisho sijalipanga. Nimeliacha kama alivyolisoma.' Akaniagiza niwaambie na wengine."

Paskazia aliketi juu ya sanduku lile. Hakupiga kelele. Mdomo ulifunguka na pumzi ikatoka bila sauti, kwa muda mrefu, mpaka Muharami akazunguka meza na kumshika bega. Miezi yote ile alidhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimbeba binti yake kwa macho yake. Kumbe kila jioni, gizani mwake, mwenye kichwa kinachopasuka kwa maumivu alikuwa akiokota vipande alivyovitawanya mama yake na kuviweka mahali pake, kimya kimya, huku akimgombeza kwa sababu ya r.

Na jingine: mwishoni kabisa, mtoto yule aliyejua kila kitu kuhusu mashujaa aliamua kwa hiari yake kutokujua.

"Mama," alisema Yasmin kwa aibu, kitabu kikiwa wazi mikononi mwake, "samahani. Nina mdogo wangu amelazwa. Nilitaka nimpelekee kitu cha kumsomea. Sasa mimi nisome vipi?"

Chenge na Muharami walitazama chini. Paskazia alijifuta uso kwa pindo la kanga, akainyoosha mikono, akakipokea kile kitabu. Akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti, kidole kikivuka na kushuka, kikivuka na kushuka. Alitamka "risasi" na haikuwa na kasoro. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia Sumaku akifa, na alipofika kwenye mkokoteni ilimbidi aache kusoma, akaanza upya, akaacha tena. Aliumaliza.

"Hivi ndivyo walivyoandika," alisema. "Amekufa, na kanga ni ya mama yake. Wewe ulijue hilo kwanza, ulilie hapa hapa, hatutakucheka. Kisha nenda kwa mdogo wako, umsomee kama nilivyomsomea wangu. Akikuuliza kama umesoma sawa, mwambie kwamba yeye ndiye atakayeamua."

Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa nakala ya Evelina, ile iliyolegea mgongo kwa kusomwa, akamkabidhi.

"Nitairudisha lini, mama?"

"Usiirudishe."

Yasmin aliondoka akipanda njia ya hospitali. Paskazia aliketi tena juu ya sanduku, mikono imekaa mapajani bila kazi, na hakuna mtu pale sokoni aliyethubutu kumwambia ainuke.

Nawe uliyeisoma habari hii mpaka hapa, usiifungie kabatini. Yuko mtu karibu yako ambaye hawezi kujisomea. Msomee, kisha mwachie na yeye ampe mwingine.